Reli ya Mwendo Kasi na Msafiri wa Eastlands: Safari Ipimwe Kutoka Mlangoni

Utangulizi

Mjadala kuhusu reli una umri mkubwa kuliko jiji la Nairobi lenyewe. Katika miaka ya 1890, wabunge wa Uingereza walibishana vikali iwapo ilifaa kutumia fedha za umma kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, kupitia nyika ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Waliopinga waliuita mradi huo wa kiwendawazimu, na jina hilo limedumu katika vitabu vya historia hadi leo. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896. Reli ikafika mahali palipoitwa Nairobi mwezi Mei 1899, kisha ikafika ziwani, panapoitwa Kisumu leo, mwishoni mwa mwaka 1901. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na takriban 2,500 kati yao walifariki wakiwa kazini. Kambi ya mafundi na bohari ya vifaa vya reli ndiyo iliyokua ikawa mji, na mji ukawa jiji kuu.

Zaidi ya karne moja baadaye, mjadala huo umerejea kwa sura mpya. Tarehe 31 Mei 2017, Rais Uhuru Kenyatta alizindua treni ya Madaraka Express kati ya Mombasa na Nairobi. Mwezi Oktoba 2019, njia hiyo iliendelezwa hadi Suswa, upande wa Naivasha. Mpango wa kuifikisha Kisumu na Malaba umezungumzwa na serikali zaidi ya moja. Katika hali hii, swali linaloulizwa bungeni, katika kumbi za mihadhara na hata ndani ya matatu ni hili: je, Kenya ipige hatua zaidi na kujenga reli ya abiria ya mwendo kasi itakayounganisha miji yake mikuu?

Makala haya hayakusudii kulibeza swali hilo. Yanadai tu kwamba kipimo kinachotumiwa kulijibu kina kasoro. Mjadala hupima safari kutoka stesheni hadi stesheni, ilhali binadamu husafiri kutoka mlango hadi mlango. Ili kuionyesha kasoro hiyo, tutaitumia mitaa ya Eastlands jijini Nairobi kama mizani. Mitaa hiyo imezaliwa na reli, imepakana na reli, na wakazi wake wanachangia kulipa gharama ya reli. Hata hivyo sauti yao ni nadra kusikika pindi reli inapojadiliwa.

Maana ya "mwendo kasi"

Sisi wanafunzi wa lugha hatuna budi kuanza na istilahi, kwa kuwa hoja nyingi hupotea njia kutokana na maneno kutumiwa kiholela. Katika mjadala huu yapo maneno matatu yanayochanganywa: "reli ya kisasa", "SGR" na "reli ya mwendo kasi".

"Reli ya kisasa" ni jina la sifa, wala si kipimo. Kilicho cha kisasa leo kitakuwa cha kale kesho. Herufi SGR, kwa upande wake, hutaja upana wa njia pekee: milimita 1,435 kati ya reli mbili, ikilinganishwa na milimita 1,000 za njia ya mkoloni. Upana huo ndio unaotumiwa katika sehemu kubwa ya dunia, na haumlazimishi dereva wa treni kwenda kasi yoyote maalum. Treni ya Madaraka iliundwa kwenda kilomita 120 kwa saa inapobeba abiria na kilomita 80 kwa saa inapobeba mizigo. Kwa mujibu wa viwango vinavyokubalika kimataifa, reli ya mwendo kasi ni ile iliyojengwa upya ili treni ziende kilomita 250 kwa saa au zaidi, au njia ya zamani iliyoboreshwa hadi kufikia takriban kilomita 200. Kwa hivyo, anayesema kwamba Kenya tayari inayo reli ya mwendo kasi anachanganya upana na kasi.

Majirani zetu wa Tanzania wanatupa fundisho jingine la kimsamiati. Jijini Dar es Salaam, neno "mwendokasi" lilizoeleka kwanza kuwa jina la mabasi yaliyoanza kutoa huduma mwaka 2016. Mabasi hayo hayashindani na treni ya Japani. Yameitwa hivyo kwa sababu yana njia yake yenyewe, hayakwami katika msongamano wa magari. Wasemaji wa kawaida, bila kuitwa katika kongamano lolote la istilahi, waliamua kwamba kasi ni kutocheleweshwa. Maana hii ya pili ni muhimu, nasi tutairejelea.

Hoja za wanaounga mkono

Wanaotaka reli ya mwendo kasi wana hoja nzito ambazo haifai kuzipuuza.

Kwanza, wanataja historia. Japani ilifungua njia ya Tokyo hadi Osaka tarehe 1 Oktoba 1964, treni zikienda kilomita 210 kwa saa. Wakati ule Japani ilikuwa nchi iliyokuwa ingali ikijijenga baada ya vita, hata ikakopa dola milioni 80 kutoka Benki ya Dunia kwa ajili ya mradi huo. Gharama ilikaribia kuwa maradufu ya ile iliyokadiriwa, na wapo waliosema kwamba enzi ya treni ilikuwa imepitwa na wakati. Leo njia hiyo ni miongoni mwa njia za reli zenye abiria wengi zaidi ulimwenguni. Ufaransa ilifuata mwaka 1981 kwa njia ya Paris hadi Lyon.

Pili, wanasema kwamba Afrika nayo imethubutu. Morocco ilizindua treni ya Al Boraq mwezi Novemba 2018. Treni hiyo huenda hadi kilomita 320 kwa saa kati ya Tangier na Kenitra, na safari nzima kutoka Tangier hadi Casablanca huchukua muda wa saa 2 na dakika 10 hivi. Karibu zaidi na kwetu, Tanzania ilianza mwaka 2024 kuwasafirisha abiria kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha Dodoma. Njia hiyo iliundwa kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa. Bado haijafikia kipimo cha kimataifa cha mwendo kasi, lakini imeipita ya Kenya kwa kasi na kwa matumizi ya umeme.

Tatu, wapo wanaozungumzia uhai wa watu. Barabara ya Nairobi hadi Mombasa hubeba malori, mabasi na magari madogo kwa pamoja, na ajali zake zimeziliza familia nyingi. Abiria anayehamia kwenye treni anapunguza hatari kwake na kwa wenzake. Nne, wanasema kwamba ardhi haipungui bei. Ikiwa njia itahitajika baada ya miaka 30, ni nafuu kuitenga leo kuliko kubomoa majumba kesho. Asiyekubali kwamba hoja hizi zina mashiko hautendei mjadala haki.

Kasi ina bei yake

Pamoja na hayo, ni lazima tueleze kwa nini kasi ni ghali. Mwendo wa kitu ukiongezeka maradufu, nguvu inayohitajika kukisimamisha huongezeka mara nne. Treni iendayo kilomita 240 kwa saa huhitaji umbali mrefu mno wa kusimama ikilinganishwa na iendayo kilomita 120. Kwa sababu hiyo, dereva hawezi kutegemea macho yake kuona ishara zilizo kando ya njia. Sharti taarifa zimfikie ndani ya chumba chake. Haiwezekani pia barabara au njia ya miguu kukatiza relini. Kila mahali pa kuvukia huhitaji daraja au handaki.

Kona nazo ni tatizo. Njia ya treni iendayo kilomita 300 kwa saa huhitaji kona pana ajabu, ambazo nusu kipenyo chake ni kilomita 4 au zaidi. Njia ya namna hiyo haiwezi kukwepa mlima, mto, shamba wala mtaa. Hupasua moja kwa moja. Kutoka Mombasa hadi Nairobi, treni hupanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600. Aidha, treni nzito ya mizigo iendayo kilomita 80 na treni ya abiria iendayo kilomita 250 haziwezi kutumia njia moja bila ya moja kumzuia mwenzake. Ndiyo maana nchi nyingi huzijengea treni za mwendo kasi njia zao pekee. Njia yetu ya sasa, yenye urefu wa takriban kilomita 472, ni ya reli moja, na treni hupishana stesheni. Kuigeuza kuwa ya mwendo kasi si kazi ya kununua vichwa vipya vya treni. Ni sawa na kujenga njia nyingine.

Hapa ndipo swali la fedha linapoingia. Sehemu ya Mombasa hadi Nairobi iligharimu takriban shilingi bilioni 327, na asilimia 90 ya fedha za ujenzi zilitoka katika Benki ya Exim ya China kwa mkopo. Nauli za abiria pekee haziwezi kulipa deni la ukubwa huo. Ndiyo sababu kuanzia mwaka 2013 kulitozwa ushuru maalum wa maendeleo ya reli, ulioanza kwa kiwango cha asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini. Ndiyo sababu pia, mwaka 2019, serikali iliagiza mizigo ya bandarini isafirishwe kwa reli, agizo lililozua maandamano Mombasa na hatimaye likaondolewa mwaka 2022.

Ushuru huo hulipwa na mwagizaji bandarini, lakini mwagizaji huuhamishia kwenye bei. Mama anayenunua mafuta ya kupikia au mtumba wa Gikomba huulipa bila kuona risiti. Kwa ufupi, reli ndefu hulipiwa na wote: anayeipanda na asiyeipanda. Hii si sababu ya kutoijenga, maana shule na hospitali nazo hulipiwa hivyo hivyo. Ni sababu ya kuuliza kwa makini nani atafaidika, na mara ngapi.

Eastlands, mtoto wa reli

Nairobi ya kikoloni ilipangwa kwa misingi ya rangi. Wazungu walijitengea vilima vya magharibi vyenye hewa safi na udongo mwekundu. Waafrika walisukumwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi wa mfinyanzi, karibu na karakana na yadi za reli zilizowahitaji kama vibarua. Muthurwa, Landi Mawe na Makongeni zilikuwa nyumba za wafanyakazi wa reli. Baadaye ikazuka mitaa ya manispaa ambayo majina yake yenyewe ni kamusi ndogo ya Kiswahili: Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati, Maringo. Baada ya uhuru, jiji liliendelea kupanuka kuelekea upande ule ule. Buruburu na Umoja zilijengwa miaka ya 1970, na kuanzia mwaka 1975 mradi wa Dandora, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ukagawa takriban viwanja 6,000 kwa watu wa kipato cha chini. Kayole ikafuata. Kila mtaa mpya ulikuwa mbali zaidi na mahali pa kazi kuliko uliotangulia.

La kushangaza ni kwamba reli haikuhama. Ukiitazama ramani, utaona kuwa njia ya zamani ingali inaipasua Eastlands. Kutoka stesheni kuu ya Nairobi inafika Makadara, kisha inagawanyika. Tawi moja linakwenda Dandora, Mwiki, Githurai, Kahawa na Ruiru; jingine linaelekea Embakasi kwa kupitia upande wa Donholm na Pipeline; na njia ya Mombasa inapitia Imara Daima hadi Syokimau, ambako Rais Mwai Kibaki alifungua stesheni mpya mwezi Novemba 2012. Mwaka 2020 serikali ilileta treni za mitumba kutoka Uhispania ili kuboresha usafiri huu wa jijini. Kwa maneno mengine, mitaa ambayo nchi nyingine zingelazimika kuichimbia njia za chini kwa chini ili kuifikishia treni, tayari ina reli mlangoni.

Hata hivyo, huduma ingali finyu. Treni huwa chache, nyingi zikiwa za asubuhi kwenda mjini na za jioni kurudi. Anayefanya kazi ya zamu, anayeuza mboga tangu alfajiri, au mwanafunzi mwenye kipindi cha adhuhuri hana wa kumsubiri stesheni. Huyo hurejea kwenye matatu katika Barabara ya Jogoo, au huenda kwa miguu. Wengi wanaofanya kazi katika Eneo la Viwanda hutembea kutoka Mukuru na mitaa jirani kila asubuhi, na baadhi yao hutumia ukingo wa reli yenyewe kama njia ya miguu. Hapo kuna kinaya kichungu: mtu anatembea juu ya mataruma kwa sababu treni haipo.

Safari ya kweli ina sehemu tatu

Sasa turejee kwenye kipimo. Tuchukue mfano wa kubuni wa msafiri anayetoka Kayole kwenda Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Tuseme anatumia muda wa saa 1 na nusu kutoka nyumbani hadi stesheni ya Syokimau, kwa kuwa hana budi kubadilisha magari. Anahitajika kufika mapema ili apange mizigo yake chini kwenye mstari, mbwa wa polisi wainuse, kisha apite kwenye mitambo ya ukaguzi. Tuweke saa 1. Treni inachukua muda wa saa 5. Inamshusha Miritini, nje ya kisiwa. Kutoka hapo anatafuta matatu ya kumfikisha mjini, halafu anasubiri feri. Tuweke saa 1 na nusu nyingine. Jumla ni saa 9, na katika hizo, saa 4 hazihusiani na mwendo wa treni hata kidogo.

Tujaalie kwamba reli ya mwendo kasi imejengwa, na safari ya treni imepungua kutoka saa 5 hadi saa 2 na nusu. Msafiri wetu sasa anatumia saa 6 na nusu. Ameokoa saa 2 na nusu, na hilo si jambo dogo. Lakini sasa sehemu kubwa zaidi ya safari yake iko nje ya treni. Tujaalie kinyume chake: treni ya masafa marefu imebaki vile vile, ila zile saa 4 za nje zimepunguzwa kwa nusu kwa kumfikisha stesheni kwa treni ya mtaani na kumshusha ndani ya mji. Atatumia saa 7. Tofauti kati ya mipango hii miwili ni nusu saa tu, ilhali gharama zake hazikaribiani hata kidogo.

Hesabu ya pili inahusu marudio. Tuseme msafiri huyo huenda pwani mara 2 kwa mwaka, yaani safari 4 za kwenda na kurudi. Mwendo kasi utamwokolea saa 10 kwa mwaka. Tuseme pia kwamba treni za mtaani zilizo nyingi na za uhakika zinampunguzia nusu saa asubuhi na nusu saa jioni anapokwenda kazini siku 6 za wiki. Hizo ni saa 6 kwa wiki. Kwa wiki 50 za kazi, ni saa 300. Mtu yuleyule, jiji lilelile, ushuru uleule: saa 10 upande mmoja, saa 300 upande mwingine.

Fauka ya hayo, kuna suala la nauli. Ilipozinduliwa mwaka 2017, Madaraka Express ilitoza shilingi 700 kwa daraja la kawaida na 3,000 kwa daraja la kwanza. Kuanzia Januari 2024 nauli zilipanda hadi shilingi 1,500 na 4,500. Reli ya mwendo kasi, ambayo hugharimu zaidi kuijenga na kuitunza, haiwezi kutoza chini ya hapo bila ruzuku. Ikiwa ruzuku itatolewa, ni haki kuuliza kwa nini impunguzie nauli anayesafiri mara 4 kwa mwaka kabla ya kumpunguzia anayesafiri mara 600.

Wenzetu wanatuonyesha kwamba wahandisi wao waliuona ukweli huu. Al Boraq ya Morocco hukimbia kwa kasi yake kamili hadi Kenitra tu. Kutoka hapo hupunguza mwendo na kuingia Casablanca kwa kutumia njia iliyokuwapo, ikawashusha abiria ndani ya jiji. Tanzania nayo iliijenga stesheni yake ya Dar es Salaam katikati ya mji, jirani na stesheni ya kale. Sisi tuliishia Syokimau kwa upande mmoja na Miritini kwa upande mwingine, na kwa vile upana wa njia mbili haulingani, abiria hana budi kushuka na kupanda treni nyingine ili afike mjini. Tulinunua kasi nyikani tukaipoteza jijini.

Wanaoishi kandokando ya reli

Itakuwa kosa kudhani kwamba reli ya mtaani haina majeruhi wake. Kuongeza treni Eastlands kunamaanisha kugusa maisha ya watu waliojenga riziki zao kando ya njia. Katika soko la Githurai, kwa miaka mingi wafanyabiashara wamekuwa wakitandaza bidhaa hadi ukingoni mwa reli na kuziondoa treni inapokaribia. Treni 2 kwa siku zinavumilika. Treni inayopita kila dakika 15 haivumiliki.

Ipo mifano miwili ya kutufunza. Mwaka 2010 wapangaji wa Muthurwa, mtaa uliomilikiwa na mfuko wa malipo ya uzeeni ya wafanyakazi wa reli, walitakiwa kuhama ili ardhi ile iendelezwe, na ubomoaji ukaanza wangali ndani. Walikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 30 Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki yao ya makao, inayolindwa na Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010, ilikuwa imekiukwa, akahimiza pawepo sheria ya kuongoza uhamishaji wa watu. Marekebisho ya sheria za ardhi ya mwaka 2016 hatimaye yaliweka utaratibu huo, ukiwemo wajibu wa kutoa ilani mapema.

Mfano wa pili ni wa Kibera na Mukuru. Mwaka 2004 waliojenga ndani ya ardhi ya reli walipewa ilani ya kuondoka katika muda wa siku 30. Badala ya matingatinga kuingia, kulifanyika mazungumzo marefu, wakazi wakahesabiwa, na baadaye kwa ufadhili wa Benki ya Dunia zikajengwa nyumba na vibanda vya biashara pembeni mwa njia kwa ajili ya walioathirika. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi na haikukosa manung'uniko, lakini ilithibitisha kwamba inawezekana kuipa treni nafasi bila kumtupa mtu barabarani. Anayetetea reli ya Eastlands hana budi kutetea pia njia hii ya pili. Vinginevyo, atakuwa anamwokolea mkazi mmoja saa 300 kwa kumnyang'anya jirani yake paa.

Majibu kwa pingamizi

Huenda msomaji akauliza: je, hoja hii haitufanyi tuwe watu wa kuwaza madogo daima? Wenzetu wajenge ya kilomita 300 kwa saa nasi tuhangaike na treni ya Dandora?

Jibu ni kwamba reli ndefu na reli fupi si maadui. Tokyo ya mwaka 1964 ilikuwa jiji la zaidi ya watu milioni 10, lenye treni za mitaani zilizokuwa zikiwafikisha mamilioni stesheni kila siku. Treni ya mwendo kasi ilikuja kama paa juu ya nyumba iliyokwisha kuwa na kuta. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Nairobi ina watu 4,397,073, Mombasa 1,208,333 na Kisumu 1,155,574. Idadi hizi zitaongezeka, na siku yaja ambapo mwendo kasi utakuwa na abiria wa kutosha kuulipia. Siku hiyo itakuja mapema zaidi ikiwa abiria wamezoea treni, wanaiamini ratiba yake, na wanaweza kuifikia kwa miguu kutoka nyumbani.

Pingamizi nyingine ni kwamba wakazi wa Eastlands wanahudumiwa tayari na matatu. Ni kweli, na matatu zimeubeba mzigo ambao dola iliuacha. Hata hivyo, matatu haiwezi kuikwepa foleni ya Barabara ya Jogoo kwa sababu ndiyo foleni yenyewe. Treni ina njia yake. Kwa maana ile ya watu wa Dar es Salaam, treni ya kawaida iendayo kilomita 50 kwa saa kutoka Dandora hadi mjini, ikiwa inafika kwa wakati na kwa wingi, ni mwendo kasi kamili.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mjadala wa reli ya mwendo kasi ni wa haki na wa lazima, ila umeelekezwa kwenye kipimo kimoja tu, yaani kasi ya treni ikiwa njiani. Tumeona kwamba kipimo hicho huficha mambo matatu: muda unaopotea kabla na baada ya stesheni, idadi ya mara ambazo mwananchi wa kawaida husafiri, na mlipaji wa gharama.

Kutokana na hayo, tunapendekeza utaratibu wa hatua tatu. Hatua ya kwanza ni kuongeza treni katika matawi ya Ruiru, Embakasi na Syokimau, ziwe za kutwa nzima badala ya asubuhi na jioni pekee, na kuwashirikisha wanaoishi na kufanya biashara kandokando ya njia kabla ya jembe la kwanza. Ya pili ni kuhakikisha kwamba upanuzi wowote wa reli ndefu, uwe wa kuelekea Kisumu au Malaba, unaingia ndani ya miji badala ya kuishia pembezoni. Ya tatu ni kuitenga mapema ardhi ya njia ya mwendo kasi, ili vizazi vijavyo vikiwa tayari kuijenga visilazimike kuwabomolea watu.

Wataalamu wa uhandisi na uchumi watakuwa na mengi ya kuongeza na kukosoa. Lakini sisi wa Kiswahili tuna sehemu yetu. Hati za miradi hii huandikwa kwa Kiingereza, vikao vya kukusanya maoni ya umma hufanyika kwa haraka, na mkazi wa Kayole huambiwa "reli ya kisasa inakuja" bila kuelezwa itakuwa na kasi gani, itasimama wapi, itatoza nini, na italipiwa na nani. Kuyaeleza mambo hayo kwa lugha anayoielewa ni kazi ya taaluma yetu, na inafaa ianze kabla ya mkataba unaofuata kutiwa sahihi.